Kliniki ya Ndoa, Kibanda cha Rabson

Jumatatu, 3 Machi 2014

Ketrina amerudi kwao Ibaba. Mke wangu wa ndoa! Kisa eti simsikilizi. Mimi! Fundi simu ninayesikiliza shida za Tunduma nzima kutwa: nani kapasua kioo, nani kadumbukiza simu chooni.

Lakini nimepata wazo. Nafungua ushauri nasaha wa mtandaoni. Msongo wa mawazo, mapenzi, wakwe wakorofi, vyote kwa WhatsApp. Ketrina akisikia watu wanavyomlilia mumewe, atarudi mwenyewe bila kubembelezwa. Picha ya wasifu tayari: mimi na koti jeupe. Nimeliazima kwa muuza nyama. Doa la damu nimelifunika kwa mkono.

Jumanne, 4 Machi

Wateja! Mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, kaniamkia kwa lugha yao "mulishani ba dokota", nikasisimka mwili mzima. Kwa ajili ya hao wa ng'ambo nimeweka na laini ya Zambia.

Getruda wa Ndalambo analalamika kuwa mumewe, Bugalama, anaongea zaidi na ng'ombe kuliko anavyoongea naye. Sikumaliza kusoma, ujumbe wenyewe mrefu. Nikamwandikia: mnyamazie, atajuta.

Boazi, muuza magodoro wa kibanda cha pili, kachungulia simu yangu akacheka hadi akakaa chini. Akasema mganga hajigangi. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba Lusubilo amekuja. Ndiye mshenga wangu tangu posa. Anasema baba mkwe, mzee Yonasi, ameitisha kikao Jumamosi saa sita mchana. Nisipotokea, ndoa imekwisha. Gari la Isongole, njia ya Ibaba, linaondoka saa kumi na mbili alfajiri, tukutane stendi.

Kisha akanionya nisifungue mdomo huko. Anayesema ni mshenga, mume anainamisha kichwa. Nikamwambia mjomba, shikamoo yako naiheshimu, ila mimi sasa ni mtaalamu. Nimeandaa hotuba yenye sehemu nne.

Nyumba imepoa. Nimekula ugali na chumvi. Namkumbuka sana Ketrina, nasema kweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Mchana limetokea jitu refu na fimbo ya kuchungia, linauliza mshauri ni nani. Bugalama! Nikaingia chini ya meza. Boazi, mshenzi yule, akanyoosha kidole kuonyesha nilipo.

Kumbe kaja kunishukuru. Anasema tangu mkewe anyamaze, nyumba imekuwa na amani ambayo hajawahi kuiona. Anaomba nimwambie aendelee mpaka mavuno.

Jioni Getruda naye kaandika. Matusi matupu, tena mengine ya kuhusu koti langu. Nikamjibu asante kwa kutuamini.

Kengele nimeitegesha saa kumi na moja alfajiri. Hotuba imefika sehemu ya sita.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka kengele ilipoita. Nikaoga kwa raha, nikapiga pasi shati, nikafika stendi nikipiga mluzi. Gari limeondoka! Limeondoka zamani! Nikamwonyesha mpiga debe simu yangu, akanionyesha yake. Laini ya Zambia ilikuwa imenasa mnara wa Nakonde, simu ikafuata saa za Zambia na kujirudisha nyuma saa nzima. Kila mtoto wa Tunduma anajua hilo. Mimi mwenyewe huwarekebishia wateja!

Nikachukua bodaboda. Mvua. Matope. Tumeanguka mara mbili kabla ya Isongole, na hotuba ikabaki mtaroni. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu. Nilijua nimempoteza.

Nafika Ibaba, wazee wananawa mikono, kikao kimekwisha. Mjomba akanivuta pembeni akasema nimshukuru Mungu kwa kuchelewa. Kaongea yeye peke yake, kwa upole, hakuna aliyemkatiza. Mzee Yonasi kasema nilipe jogoo kwa kuchelewa, na mke nimchukue. Kaongeza kuwa kwa mara ya kwanza mazungumzo yanayonihusu yamekwisha bila mimi kuyaharibu.

Ketrina aliniona nilivyojaa tope akacheka. Nusura nilie. Sharti lake ni moja tu: kila anapozungumza nami, simu iwe chini na macho yawe kwake. Nikaapa mbele ya wazee wote.

Jumapili, 9 Machi

Ketrina yuko nyumbani! Nimelitafakari jambo hili kitaalamu tangu tutoke kanisani. Kwa nini nimefanikiwa? Kwa sababu nilichelewa! Mume akichelewa kwenye kikao, wakwe wanalainika. Hakuna mshauri aliyewahi kuligundua hili. Naandaa somo kwa wanaume wote wa Tunduma na Nakonde, na mteja wa kwanza ameshajiunga: Bugalama. Boazi ataugua.

Ketrina amesimama mlangoni muda mrefu akiongea wakati naandika somo. Jambo fulani kuhusu jana na kiapo, halafu akauliza kitu. Nikamwambia sawa mke wangu, usisahau nyanya.

Ametoka. Ila begi alilobeba, kwa nyanya tu, naona ni kubwa mno.