Mwizi wa Aya Tatu za Ngamia

Jamani, leo nimevuliwa nguo kikaoni, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Nawaandikia nyote watatu barua moja, kwa taipureta ya ofisi. Pitishianeni huko Nairobi. (Kopi sina. Na leo sitaki hata kulisikia neno kopi.)

Mnajua mimi, Komora wenu, ndiye mhariri wa jarida letu dogo la utafiti wa mifugo hapa Garissa. Linatoka mara mbili kwa mwaka, Mungu akipenda na wino ukiwepo. Mwezi uliopita nilitunga kanuni za kuzuia wizi wa maandishi. Kanuni sita! Nikazibandika ukutani. Ya kwanza inasema mtuhumiwa aulizwe kwa barua ya siri kabla hajatajwa mbele ya watu. (Niliitunga vizuri. Kuisoma tena ndiko kulikonishinda.)

Jana mchana nilikuwa nakagua makala ya Halima, afisa wa mifugo wa Griftu, kuhusu dhukaan, ule ugonjwa unaokondesha ngamia. Nikaipenda. Nikazidi kuipenda. Mbona dada huyu anaandika kama mimi? Halafu nikafika hapa: "Ngamia mgonjwa huyatazama maji kama bwana harusi aliyeletewa bibi harusi wa jirani."

Nikaruka kitini. Sentensi yangu! Ile iliyonipa sifa miaka miwili iliyopita! Nikatoa toleo la zamani, nikalinganisha. Aya tatu, neno kwa neno, mpaka koma.

Halima alikuwa mjini kwa dada yake. Nikamwita kikaoni leo saa nne. Yeye akadhani anaitwa kupongezwa, akaja na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia kwa ajili yetu. Walikuwepo Mzee Gedi, mwenyekiti wetu, daktari wa mifugo mstaafu, ambaye ulimi wake wa Kisomali hauna p wala v. Bi Zeinab, karani. Na wajumbe wanne.

Nikasimama. "Humu ndani kuna mwizi."

Halima akauvuta mkoba wake karibu. "Ameiba nini?"

"Aya tatu."

Mzee Gedi akavua miwani. "Aya za Kurani? Astaghfirullah! Zinaibwa fibi?"

"Si hizo, Mzee. Aya za ngamia."

"Ngamia watatu wameibwa?" mjumbe mmoja akadakia. "Polisi wanajua?"

Nikaeleza tena. Nikapiga meza. Nikainua toleo langu mkono huu na makala ya Halima mkono ule, nikasoma sentensi ya bwana harusi mara mbili. Nilitegemea alie, au akimbie. Akabaki ananitazama tu, kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua.

"Walaal, ndugu yangu," akasema, "hayo ni maneno ya marehemu baba yangu. Alikuwa akiyasema kila kiangazi. Niliyaandika kwenye ripoti yangu ya kwanza, nikaileta hapa hapa ofisini. Nimeitaja ukurasa wa mwisho."

Nikafunua ukurasa wa mwisho. Ripoti imetajwa. Mwaka wake ni kabla ya makala yangu. Jina la baba yake lipo pia. (Mimi ukurasa ule sikuufikia. Nilikuwa mbioni kukamata mwizi.)

Hapo kichwa kikaanza kuzunguka. Basi ni nani amemwiga nani? Au watu wawili wanaweza kumwota bwana harusi mmoja?

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikasema, "Lakini mimi niliandika kwa mkono wangu! Bi Zeinab, niletee daftari langu la kijani. Rasimu yangu imo!"

Akalileta.

"Soma kwa sauti," nikamwambia. (Hakuna aliyenilazimisha!)

Akasoma aya zote tatu. Nikawa nawaangalia wajumbe mmoja mmoja, kifua mbele. Mara akanyamaza.

"Kuna maneno pembeni. Niyasome?"

"Soma yote!"

"'Nimenakili haya yote kutoka ripoti ya Griftu. Komora, usisahau kutaja chanzo.'" Akainua macho. "Umepigia mstari mara mbili."

Wajumbe wanne wakageuka kunitazama.

"Ngoja," akasema Mzee Gedi, "mimi nimebotea. Sasa mwizi ni nani?"

Bi Zeinab akanielekezea biro.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa mgeni kazini, nikinakili mafaili siku nzima kwa joto lile. Mwaka ulipopita nikalifungua daftari, nikaona mwandiko wangu, nikaamini na mawazo ni yangu. Nikamwambia Halima hivyo hivyo, bila kujitetea zaidi, nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomwita mwizi mbele yao.

Halima akaufunua tena ukurasa wa mwisho wa makala yake. "Baba alifariki bila kuona jina lake limechapwa popote," akasema. "Liandikeni bila kulikosea. Basi."

Kikao kikaamua. Toleo lijalo litafunguliwa na masahihisho, yenye jina la Halima na la baba yake, kwa maneno yangu na sahihi yangu. Makala yake itakaguliwa na Mzee Gedi. Mimi nimepumzishwa uhariri mpaka toleo hilo litoke, na kila nitakachoandika kitapita kwanza kwa Bi Zeinab. Nimekubali yote. Ningekataa kwa uso upi?

Halafu Halima akafungua chupa, akamimina chai. Kikombe cha kwanza akanipa mimi. Sijui kama ni msamaha au ni adabu ya kwao tu, nami sikuthubutu kuuliza.

Chekeni, nimewaruhusu. Ama mimi, kuanzia kesho hata nikimwambia mtu habari za asubuhi, nitaeleza kwanza nimezisikia kwa nani.