Nakala Safi ya Kibofu cha Baba Mkubwa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejua kwamba mwanamume anaweza kuishi miaka sitini na tisa akitawaliwa na kitu asichowahi kukiona. Kinaitwa tezi dume. Kinakaa chini ya kibofu na kuizunguka njia ya mkojo kama pete. Daktari, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, alisema tezi ya Baba Mkubwa ilipaswa kuwa kama ndimu changa, na sasa inakaribia chungwa. Si saratani. Amepima damu, amepima na kwa kidole. Baba Mkubwa alitoka kwenye kipimo hicho cha kidole ameshika kofia kifuani kama aliyetoka mazikoni.

Njia ni tatu. Kusubiri na kuangalia, ikiwa mkojo bado unatoka vizuri. Au vidonge: vya kulegeza shingo ya kibofu, ambavyo huweza kuleta kizunguzungu, na vya kuisinyaza tezi, ambavyo hutaka miezi sita. Au upasuaji: kifaa chembamba kinapita mle mle mkojo unamopita, kinakwangua ndani, ngozi haiguswi.

Hiyo ya tatu sikutaka kuisikia. Mama yangu aliingia chumba cha upasuaji akinicheka kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vya Baba Mkubwa. Nilikuwa na miaka saba. Hakutoka. Tangu hapo kitanda, daftari na viatu vyangu vyote vimetoka kwenye meza ya Baba Mkubwa ya kutengenezea saa. Sina Baba Mkubwa wa akiba.

Daktari ametoa karatasi ya mistari. Kwa siku tatu, kila akienda haja ndogo, iandikwe saa na kiasi. Turudi Ijumaa, ndipo njia itachaguliwa. Mama Mkubwa ameamua kazi hiyo ni yangu, maana mwenye mwandiko katika nyumba hii ni mimi, karani wa masjala. Kaka, mwanawe, ni fundi bomba. Amesema sawa, Bwana Faili aandike, ila yeye anajua bila kuandika: bomba limebanwa, na bomba lililobanwa hufunguliwa.

Anamzungumzia baba yake kama sinki.

Jumanne, 5 Machi

Utaratibu umekaa vizuri. Baba Mkubwa ana kikombe chenye alama za mililita. Dukani anaandika kwenye vile vikaratasi vya uzi anavyofungia saa za wateja. Jioni ananikabidhi, nami nanakili.

Mtu huyu hakadirii. Saa 4.17, mililita 60. Saa 4.52, mililita 55. Kimoja kinasema: saa 8.03 na sekunde 20, matone. Na sekunde! Karani mkuu wa masjala yetu, anayetuambia kila siku kwamba nakala isiyo na asili yake ni uvumi tu, angetokwa na machozi.

Vikaratasi kumi na tisa kwa siku moja. Vitano ni vya usiku. Sikujua mtu anaweza kuamka mara tano na asubuhi bado akawauliza wenzake wamelalaje.

Alhamisi, 7 Machi

Siku tatu zimetimia. Tarakimu ni mbaya. Hata mlinzi wa hospitali akizisoma atasema apasuliwe.

Nimepata wazo. Si uongo. Ni kusafisha. Ile 60 nimeiongezea kijiti kimoja mbele, ikawa 160. Kijiti kimoja tu, chembamba. Safari tano za usiku zimekuwa mbili. Matone yamekuwa 120. Nikiisoma karatasi moyo unatulia.

Kaka aliegemea mlango wangu akauliza hali ya bomba. Nikafunika kwa kiwiko. Akasema linaloziba lote si la kutisha, maana linajulikana. La kutisha ni linalopitisha kidogo, linakudanganya mpaka siku ya mwisho. Nilimjibu kwamba watu si mabomba. Akataka kujua basi ni nini, mafaili?

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi. Daktari amesifu mwandiko. Amesema kwa tarakimu hizi tunaweza kusubiri. Turudi baada ya miezi mitatu, au mapema akipata shida. Akaliweka faili juu ya mengine bila kugeuza ukurasa. Nilikuwa nimelikabidhi kwa taratibu zote za masjala, hakuna karatasi iliyopinda.

Kabla ya kuingia, Baba Mkubwa aliomba aisome. Aliisoma kwa muda mrefu, akanirudishia niitie failini. Kaka alisema inashangaza. Alinitazama kama kiungo cha bomba kinachovuja.

Jumapili, 10 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Tangu alfajiri hakutoa hata tone. Kufika adhuhuri alikuwa ameshika ukingo wa meza yake ya saa kwa mikono miwili, jasho linadondokea vioo. Mtu ambaye sijawahi kumsikia akiugua alikuwa anaugua. Kaka alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari lake, tukampakia katikati ya mabomba.

Muuguzi alimwingizia mpira wa mkojo. Lita moja na robo. Niliutazama mfuko wa mkojo ukijaa. Mtu alibeba yote hayo ndani yake, nami nimemwandikia kwamba hajambo.

Kisha daktari akaja, akafungua faili, akageuza ukurasa.

Nyuma ya nakala yangu, vimebanwa kwa pini, vimepangwa kwa tarehe, vilikuwa vikaratasi vyote na nyuzi zake. Aliyevibana ni mimi. Miaka mitatu ya masjala, mkono ulijifanyia wenyewe. Asili nyuma ya nakala.

Daktari aliweka 60 kando ya 160. Kaka alivisoma kimoja kimoja, kisha akakaa chini sakafuni. Daktari alisema kwa sauti ndogo kwamba tungechelewa zaidi, figo zingelipa. Nilikiri. Nilisema yote, hata la kijiti.

Baba Mkubwa akaongea kitandani, macho darini. Alisema aliona tangu Ijumaa, maana mtu hukosaje kuijua sitini yake mwenyewe. Aliona, akazipenda tarakimu zangu. "Umeniandikia kibofu cha kijana, mwanangu. Nimekaa nacho siku mbili, kizuri kweli." Halafu akasema hata yeye anakiogopa kile chumba. Yeye ndiye aliyesubiri nami mlangoni pake siku ile ya mama yangu, nikiwa nimevaa viatu vyake.

Sikuwahi kuwaza kwamba naye alikuwa pale.

Jumanne, 12 Machi

Daktari amezirudia njia. Kusubiri kumekufa. Vidonge vinaweza kujaribiwa, kisha mpira utolewe tuone. Huenda akakojoa, huenda akaziba tena. Upasuaji una uhakika zaidi, ila mkojo utakuwa na damu kidogo kwa siku kadhaa, na mbegu za kiume zitarudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Baba Mkubwa aliuliza zitafanya nini huko. Daktari alisema zitatoka na mkojo, hazina madhara. Baba Mkubwa akamtazama Mama Mkubwa. Mama Mkubwa akasema biashara ya watoto waliifunga zamani, yeye anachotaka ni usingizi, ana miaka miwili hajauona.

Baba Mkubwa akauliza kifaa kina unene wa milimita ngapi. Alipojibiwa, aliinamisha kichwa kwa heshima. Amechagua upasuaji.

Alhamisi, 14 Machi

Mlango wa chumba cha upasuaji una namba 2. Tulikaa mbele yake, mimi na Kaka. Alinimegea nusu ya mkate wake. Alisema amefungua mabomba elfu, hakuna lililowahi kumtetemesha. Nusu yake hakuigusa.

Ilichukua saa moja na dakika kumi.

Ametoka.

Walimtia ganzi kuanzia kiunoni, akaona yote kwenye kioo cha runinga. Anasema ndani yetu kuna mwanga wa waridi, na njia nyembamba, na pale palipobanwa daktari alikuwa anaondoa unywele kwa unywele. Ameniambia mara tatu kwamba mama yule ana mkono wa fundi saa.

Jumatatu, 25 Machi

Mpira ulitolewa Alhamisi. Jioni ile tulisimama ukumbini, mimi, Kaka na Mama Mkubwa, tukisikiliza mlango wa choo. Sauti ilianza. Haikukatika. Kaka alivua kofia. Mama Mkubwa analala usiku mzima, anakoroma.

Daktari ametaka karatasi nyingine ya siku tatu. Vikaratasi vinasema 410, 380, 425. Usiku hakuna kitu.

Hapo ndipo tatizo. Kutoka 60 mpaka 410, nani ataamini? Na mwandiko wangu pale unajulikana. Atadhani nimesafisha tena. Nimefikiri kwa makini sana. Nimeishusha 410 ikawa 240, nikaongeza safari moja ya usiku, ili isomeke kama ya binadamu.

Kosa la mara ya kwanza limenifunza. Vikaratasi vyote viko chini ya godoro langu, na nyuma ya nakala sijabana chochote.