Miaka Arobaini na Moja Bila Ushahidi

Jumatatu, 1 Septemba
Sheria mpya! Duka la michezo ya kompyuta mtandaoni haliniuzii mchezo wa watu wazima mpaka nithibitishe umri. Mimi! Miaka arobaini na moja, kipara, goti bovu. Wanataka kadi ya mkopo, maana mtoto hapewi. Benki ilininyima, nina ile ya kawaida tu. Na Jumamosi kikosi chetu cha wachezaji hapa mjini Rochdale kinaanza mchezo huo, Makaburi ya Damu. Nisipokuwepo, ukapteni wangu wa miaka tisa anauchukua Barnaby, shemeji yangu. Heri nife.

Jumanne, 2 Septemba
Kuna njia nyingine: kamera inakadiria umri kwa kutazama uso. Jambo rasmi hilo. Nikanyoa ndevu, nikavaa tai, na kofia ya kuficha kipara. Miaka kumi na mitano, ikasema. Nikarudia nikiwa nimenuna. Kumi na minne! Barnaby kasikia, katuma ujumbe: "Pole, dogo. Mwambie mama akulaze mapema."

Jumatano, 3 Septemba
Mama, miaka sabini na mitatu, ana kadi ya mkopo. Nikamwandalia chai na biskuti. Nikamwambia duka lina michoro ya kufuma sweta. Alijaza fomu mwenyewe, neno kwa neno. Ikauliza kama nyumbani kuna mtoto. Akajibu ukweli: yupo, hajahama. Sasa tumeandikishwa. Yeye mzazi, mimi mtoto!

Alhamisi, 4 Septemba
Kila mchezo lazima Mama aridhie. Nikaungama kuhusu sweta. Hakukasirika. Alisema: "Clive mwanangu, siwezi kukuruhusu kitu nisichokijua. Wewe osha vyombo, mimi nikikague kwanza." Akaununua mchezo. Anakagua tangu saa nne asubuhi. Chakula cha mchana hakuna.

Jumamosi, 6 Septemba
Bado anakagua. Kikosi kilipungukiwa mtu mmoja, Barnaby akamwalika yeye. Kufika saa kumi jioni wamepiga kura. Kapteni ni Mama. Wote! Barnaby anadai afadhali huyu, anajua kupanga watu. Nimeumia, sifichi. Nilisimama mlangoni nikimwelekeza adui alipojificha. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga.

Jumapili, 7 Septemba
Nimetafakari sana, kosa nimeliona. Nilichagua mtu mwenye akili timamu. Shangazi Winifred ana kadi za mkopo mbili na macho hayaoni vizuri. Keki iko kwenye oveni. Kesho naenda kumjulia hali.