Flashi Moja ni Githeri

Jumatatu, 8 Machi 2004

Bharat ametushukia leo. Ndiye mwenye jumba la vioo hapa Upper Hill, ambalo nimepika mbele ya geti lake miaka sita. Amesema foleni ya chakula inaziba magari. Wapishi tuko wawili, mimi na Waceke. Nyuma ya tangi la maji kuna chumba chenye bomba na paa. Ijumaa atampa mmoja wetu. Yule mwingine ahame kabisa.

Paa. Miaka sita nanyeshewa nikitaka paa.

Waceke akaniambia mbele ya wateja, Shosho, si urudi kwako Satellite ukalee wajukuu. Nikamwambia wajukuu wangu wana ndevu. Yeye ana cheti cha upishi na aproni nyeupe. Cheti changu ni matumbo ya wahasibu wa ghorofa ya nne. Walikuja hapa wakishikilia suruali kwa mkono zisianguke.

Nimepata akili. Foleni ikiisha, chumba ni changu. Na siku hizi kila mtu ana simu na kila mtu anaflashi: inalia kidogo, unakata, hulipi kitu. Basi flashi moja ni githeri ya mahindi na maharagwe. Mbili, mukimo wa viazi vya kuponda. Tatu, chapati na ndengu. Napakia, napeleka hadi mezani. Sheria ni moja: sipokei simu. Nikipokea namlia mteja salio, na mteja aliyeliwa salio harudi.

Sikuingia shule hata siku moja, lakini mwalimu wa ngumbaru kanisani alisema niandike kila jioni, vidole visisahau. Haviwezi kusahau haya.

Jumanne, 9 Machi

Simu imelia tangu saa nne hadi ikawa moto. Majina nimeyaweka mwenyewe, herufi tatu tatu. MUT ni Muthama wa ghorofa ya nne. Kwangu foleni hakuna. Bharat amepita na gari lake bila kupiga honi. Waceke alikuwa na watu kumi na wanne getini, nimewahesabu mara mbili kwa raha.

Kasoro ndogo. Muthama aliflashi moja, mtandao ukapotea, akarudia. Nikampelekea mukimo. Akasema, Shosho, mimi nilitaka githeri. Nikamwambia ale, shingo yake imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Alikula. Aliomba mwingine.

Kasoro ya pili. Dada yangu wa Limuru aliflashi mbili kunisalimia, kama kila siku. Nilishapakia mukimo wake ndipo nikakumbuka yuko Limuru. Nikampa Ngui, askari wa geti, ambaye anashinda njaa ili ajenge kwao Machakos. Nilimwambia nyumba ya mtu aliyekufa njaa ni kaburi lenye madirisha. Akalamba sahani.

Jumatano, 10 Machi

Namba nisiyoijua ilianza saa tatu asubuhi. Flashi tatu, ikanyamaza. Tatu tena. Kufikia saa tano ilikuwa imeagiza chapati za watu thelathini. Nikajua ni ile ofisi ya ghorofa ya saba, wale wenye tai, ambao hawajawahi kunitazama. Nilikanda unga hadi bega likakataa.

Saa saba nikapanda. Ghorofa ya saba wakasema hawajaagiza kitu. Nikashuka, nikaipigia ile namba. Ikalia ndani ya aproni nyeupe.

Waceke akatazama mawingu. Mawingu nayo yakafunguka, mvua ikamzimia jiko lake. Nilimwendea na mwavuli nikamtukana nikiwa nimemkinga. Nilimwita mchawi wa mitambo. Kumbe hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, alikuwa akiflashi tu. Nikampa chapati mbili. Akauliza ni za nini. Nikamwambia ni zake, si aliziagiza mwenyewe.

Zilizobaki niligawa bure, chakula hakitupwi. Watu walitoka hadi jumba la pili. Foleni ikafika barabarani. Gari la Bharat lilikwama katikati, naye ndani akinitazama kupitia kioo. Nilimpungia mkono. Hakupunga.

Alhamisi, 11 Machi

BHA. Yaani Bharat, kwenye simu yangu. Saa tatu na nusu. Imelia muda mrefu, sikupokea. Ikalia tena. Kufikia saa tano unusu, mara saba. Sikujua kuwa tajiri naye anaflashi, ila labda ndivyo wanavyotajirika.

Saba nikaigawa hivi: tatu, tatu, moja. Ndengu mara mbili, githeri moja. Nikachagua chapati zilizochanua vizuri, nikapanda hadi ofisini kwake. Komal, karani wake, akasema mzee yuko mkutanoni. Nikamwachia hotipoti, nikashuka nikiimba.

Jioni Ngui akaniita kando. Akasema Bharat hakuwa akiagiza. Alikuwa akiniita. Alitaka kila mmoja wetu aende kabla ya saa sita amweleze atakavyoondoa foleni. Waceke alipanda. Saa sita ilinipita nikikunja chapati za mtu aliyekuwa akinitafuta. Kwa hiyo chumba ni cha Waceke, kesho atapewa ufunguo.

Niliketi juu ya sufuria iliyopinduliwa. Waceke alipita hapo asinicheke. Hilo ndilo lililoniuma. Miaka sita, na sina hata mahali pa kupeleka jiko.

Ijumaa, 12 Machi

Nilikuwa nafunga vitu vyangu kwa kamba Bharat aliposhuka na hotipoti yangu mkononi. Tupu.

Akasema, Shosho, kwa nini hushiki simu? Nikamweleza sheria. Akasema amepiga mara saba, na pesa za kuongea anazo. Nikamwambia ndiyo maana nikakuletea chakula cha flashi saba. Akauliza, na githeri ni ya nani? Nikamwambia ni yako, ile flashi ya mwisho. Alicheka hadi akashika geti. Ngui akadhani ameugua, akamletea kiti.

Wageni wake wa mkutano walikula ndengu kwa kugombania. Lakini si ndengu zilizoniokoa. Waceke alipopewa ufunguo alisema chumba kinatosha watu wawili: yeye chai na mandazi asubuhi, mimi chakula cha mchana, na zile flashi zangu ziendelee kwa kuwa foleni haipo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, nani mwingine atanitukana huku amenishikia mwavuli? Nikamwambia afunge kifungo cha aproni, kifua kitaingia baridi. Nilihitaji kutazama kwingine kidogo.

Bharat ana masharti mawili. Anayegusa kazi ya mwenzake anatoka siku hiyo hiyo. Na yeye akipiga, nipokee. Nilikubali yote nikiwa nimeweka mkono moyoni.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani nimemshukuru Mungu kwa paa. Wakati wa mahubiri nikawaza vizuri.

Chai ni ya Waceke. Mandazi ni ya Waceke. Hayo nimeyakubali na sitayagusa. Lakini uji si chai. Uji ni chakula, unashika mbavu. Sasa kama mtu atakula chakula chake cha mchana saa mbili asubuhi, mimi ni nani nimzuie? Nimemwomba Muthama awaambie wenzake: kuanzia kesho, flashi nne ni uji wa wimbi. Nitaumimina huku nyuma, kando ya tangi. Waceke hana haja ya kusumbuliwa na habari hizi, ana mandazi yake ya kuangalia.

Simu inalia. BHA.

Imekatika. Inalia tena. Muthama ana mdomo mwepesi, habari zimefika mbali haraka. Tena. Na tena.

Nne kamili, halafu kimya. Alisema nipokee akipiga, na hii si kupiga, hii ni flashi, hata mtoto anaweza kuhesabu. Mteja wangu wa kwanza wa uji ni mwenye jumba mwenyewe. Nimeloweka unga wa kutosha.