Malalamiko Kuhusu Kijidudu Kilichoingia Wodini Bila Kadi

Kwa Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Kama umri wako u chini ya wangu, basi nitaidai shikamoo yangu nikija. Mimi ni mama wa yule kijana fundi magodoro aliyelazwa wodi ya mahututi, kitanda cha dirishani, mwenye miguu inayopita kitanda. Shule sikufika mbali, ila uchungu wa mwana hauulizi cheti. Nina malalamiko, naomba yasomwe na mtu aliyekaa.

Mwanangu aliingia kwenu na ugonjwa mmoja: mafua makali ya virusi yaliyomshukia mapafuni. Mkamlaza usingizi, mkamtia bomba kooni, mashine ikawa inampumulia. Hapo sina neno, nashukuru. Lakini majuzi daktari wenu mwembamba, yule anayeweka kalamu sikioni, akaniita pembeni. "Mama, virusi vimechubua mapafu, sasa bakteria wamepata upenyo. Ana nimonia ya pili juu ya ile ya kwanza."

Nikamwambia, "Baba, mimi nilileta ugonjwa mmoja. Huu wa pili ni wa nani?" Akachomoa kalamu sikioni, akaandika kitu kwenye faili. Ndiyo maana nauliza kwa maandishi.

1. Mimi niliyembeba tumboni nazuiwa mlangoni. Nipewe kadi, nivae aproni, nivae barakoa, nikaguliwe kucha. Sista mkubwa ananiambia, "Mama, mikono." Nanawa. "Tena, mama, na katikati ya vidole." Nanawa mpaka ngozi inaniuliza kosa lake. Je, hicho kijidudu kilinawa? Kadi kilionyesha? Na mlinzi alikuwa anatazama wapi?

2. Siku ya kwanza niliwapigia magoti mumpe antibiotiki. Mkasema haiui virusi. Leo mnamtundikia dripu baada ya dripu, kumbe ilikuwepo! Mngenisikia, kijidudu kingekuta dawa imeshaketi sebuleni. Daktari mwembamba anasema vijidudu huzoea dawa vikawa sugu. Hapo alinibana kidogo, maana hata wanangu walizoea kufokewa. Lakini lalamiko libaki.

3. Kitanda mmekiinua upande wa kichwani, mwanangu analala kama anayesubiri kinyozi. Fundi magodoro huyu, aliyewalaza watu wa mtaa mzima wakanyooka! Eti mate yasimshukie mapafuni. Nikakishusha. Sista akakiinua. Nikakishusha. Akachomoa kile kishikio cha kuinulia kitanda akakitia mfukoni mwake, mpaka leo anatembea nacho.

4. Mnamsugua meno asubuhi, mchana na jioni, na wala hayatafuni kitu. Akiwa mdogo nilimkimbiza na mswaki kuzunguka nyumba. Kwenu ametulia tuli. Naona wivu.

5. Blanketi lake la utotoni mmelifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nikasema lina harufu ya nyumbani. Sista akasema hiyo harufu ndiyo anayoiogopa. Na marhamu yangu ya kifua, niliyowapaka wanangu wote wakapona, ameyaweka juu ya kabati nisikofika.

Kwa hiyo naomba: kijidudu kifukuzwe leo leo. Mlinzi anayezuia mama wa watu ahamishiwe kuzuia vijidudu. Akishindwa, niajirini mimi. Kiti ninacho, na usingizi sina.

Maana ukweli, Mganga Mkuu, naogopa. Joto la mwanangu nalijua kwa kiganja tangu yuko mchanga, na sasa namgusa kwa glavu, kama mtu anayeshika chungu cha moto. Akiondoka, nisiseme aliniondokea nikiwa nanawa.

Nisalimie Sista, daktari mwembamba, na dada wa usafi anayepiga deki bila kunigombeza. Mlinzi msalimie nusu. Na ile mashine iambie isichoke.

Ni mimi mwenye tumbo joto,
Mama wa Kitanda cha Dirishani

Nyongeza: Barua hii ilikaa kwenye mkoba wangu nikitafuta bahasha, na leo Sista kaniita. Homa imeshuka, bomba limetolewa! Sauti ya mwanangu inakwaruza kama bawaba yenye kutu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, nani kaliinamisha godoro hivi?" Nilitaka nimrukie. Badala yake nikajikuta kwenye sinki, nanawa, mpaka katikati ya vidole, na hakuna aliyeniambia.

Sasa nina jambo la dharura. Wifi yangu, shangazi wa mgonjwa, anakuja kesho na marhamu yake, mafua yake na kukumbatia kwake. Mnawisheni mara mbili. Kile kishikio Sista asikitoe mfukoni. Na mlinzi nimemwambia akapumzike: kiti changu kiko mlangoni, kadi wifi aionyeshe kwangu.