Kapteni Wachuka Kupitwa Mshahara na Theuri wa Ng'ombe

Simeon Kihara,
Naro Moru.
Tarehe 9 Agosti.

Kwa Afande Kamanda,
Kambi ya Ndege.

Afande Mheshimiwa,

KUH: KAPTENI WACHUKA, AMBAYE NI BINTI YANGU NA PIA NI MAMA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba injini zako zote zinawaka asubuhi bila kubembelezwa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi na bei ya viazi.

Mimi ni mkulima, mzee wa kanisa, na katibu mstaafu wa chama cha ushirika wa maziwa, ambako nilishika kalamu miaka kumi na tisa bila lita moja kupotea. Rubani wako wa helikopta, Kapteni Wachuka, ni kifungua mimba wangu. Kama hujui desturi zetu, muulize Mkikuyu yeyote hapo kambini: binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo huyo unayemwita Kapteni, mimi namwita Mama tangu alipokuwa akinyonya. Sijawahi kumchapa wala kumpandishia sauti, maana mtu hamgombezi mama yake. Ndiyo sababu malalamiko haya hayakuweza kwenda kwake, yakaja kwako.

Juu ya meza yako kuna ombi lake la kuacha jeshi kabla ya mkataba wake kuisha, ili aende kuendesha ndege za abiria kwa kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni hiyo inangoja jibu hadi tarehe thelathini mwezi huu, siku moja zaidi haitaki. Ombi lina wiki tatu hapo kwako na halijatiwa sahihi. Nakusihi kwa heshima zote ulitie sahihi, na sababu ni hizi zifuatazo:

1. Mshahara. Mshahara wa Wachuka ni siri ya jeshi na mimi siujui. Mke wangu Kabura ndiye anaujua, na aliniambia. Sasa, jirani yetu Theuri alikaa dawati moja na Wachuka shule ya msingi. Leo Theuri ni mhimilishaji, yaani ndiye huja na pikipiki kupandisha ng'ombe kwa mrija kwa sisi tusiofuga fahali. Simdharau hata kidogo. Ng'ombe wangu wote wanne ni kazi ya mkono wake. Lakini nimekaa na daftari langu la zamani la maziwa nikapiga hesabu, nikaona kwamba kila mwezi, ikifika tarehe kumi na saba, Theuri ameshampita Kapteni wako, na siku zinazobaki anafanya kazi kwa raha zake.

Isitoshe, kila boma humpa chai, mayai mawili ya kuchemsha na maji ya moto ya kunawa. Ng'ombe asiposhika mimba, Theuri huitwa tena na hulipwa tena, na hakuna anayenuna. Wachuka akikosea mara moja tu, Afande, haitwi tena yeye. Tunaitwa sisi, tuje kuchukua bendera iliyokunjwa. Naona huo mkataba uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kufuga.

2. Mlima. Nyinyi na Wamae mnatumia mlima mmoja. Wamae ni yule anayeongoza watalii kupanda, anakaa hapa karibu na daraja. Yeye hupanda siku nne kwa miguu, akishuka analipwa kwa pesa za kigeni, na juu ya hayo anaachiwa viatu, koti la manyoya na mfuko wa kulalia. Ana koti saba. Mwezi wa Februari mtalii wake mmoja alishindwa kupumua huko juu, na Wachuka akaenda na helikopta akamtoa katikati ya ukungu, mahali ambapo Wamae mwenyewe anasema hata ndege wa kawaida hangetua. Yule mzungu akapona. Wamae akapewa bahasha na saa ya mkono. Wachuka akapewa fomu ajaze, kurasa kumi na moja, aeleze mafuta yameenda wapi.

Sitaki koti, Afande. Nataka tu unieleze kwa nini anayefika juu kwa dakika chache alipwe chini ya yule anayefika kwa siku nne, kwa sababu mimi nimejieleza nimeshindwa.

3. Kanisa. Tulipochangia paa jipya la kanisa, familia yetu iliitwa mbele. Mchungaji akatangaza kwamba sasa ni zamu ya nyumba ya rubani, na watu wakapiga makofi kabla hata ya kuona kitu. Watu huku, wakisikia neno rubani, wanafikiria hawa wa ndege za abiria ambao wakigoma siku mbili nchi nzima inalia. Hawajui kuna rubani wa aina nyingine, ambaye kugoma kwenyewe kunamfikisha kizuizini. Nikatoa bahasha. Mchungaji akahesabu, akaangalia ndani ya bahasha, akahesabu tena. Baada yangu akaja Theuri, akatoa mabati ishirini. Haki ya Mungu, nilirudi kukaa nikaona benchi limekuwa refu.

4. Siri. Katika chama cha kina mama, kila mwezi kila mmoja huelezea kidogo mtoto wake anafanya nini. Mama Theuri husimama akaeleza ng'ombe wa nani amezaa ndama jike, na wenzake hushangilia. Kabura yeye huketi tu. Wachuka akiulizwa wiki iliyopita alikuwa wapi, husema kazini. Alikuwa anabeba nini? Mzigo. Atarudi lini? Akirudi. Wageni wa chama wameanza kumpa Kabura pole kwa sauti ya chini, wakidhani mtoto amefungwa. Mwezi jana mmoja alimletea sukari kilo mbili na kumwambia ati hata jela watu hutoka.

5. Cheo. Nimeuliza, na wewe mwenyewe unajua kuliko mimi: kwenu, rubani akirusha vizuri hupandishwa cheo, na akipandishwa cheo hupunguziwa kuruka. Akifika Meja, nusu ya siku ni mikutano. Akifika Kanali, ndege anaiona kwa dirisha. Akiwa Jenerali ndiyo basi, anapewa kiti. Kwani mnaadhibu nini? Mimi niliwahi kutolewa kwenye kupima maziwa nikafanywa katibu, nikapewa funguo za kabati, na sijawahi kusahau uchungu wake. Kwa abiria, nasikia, rubani anaruka hadi nywele zinaota mvi, na kila mvi inaongezewa kitu. Theuri naye hana cheo chochote cha kupandishwa, kwa hivyo yuko salama hadi uzee.

6. Jina. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na nitalisema. Mama yangu wa kwanza, yaani Wachuka mkubwa, alichimba mtaro kando ya msitu wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni. Alichimba kwa jembe lake mwenyewe, mtoto mgongoni, akiamriwa na watu wenye sare, na malipo yake yalikuwa kurudi nyumbani jioni. Najua ile ilikuwa serikali nyingine. Lakini jina ni lilelile, Afande, na huu ni mwaka wa sita jina hilo linaamka alfajiri, linapiga saluti na kuambiwa liende huku, liende kule. Kwa hesabu yangu Wachuka ameitumikia serikali vizazi viwili na hajakamilisha hata nyumba ya mabati. Pale mlipomwandika kazini, hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na miaka ya nyuma ya kuhesabiwa. Naomba ihesabiwe sasa, kwa pensheni, pamoja na lile jembe.

7. Pendekezo. Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kutoa njia, naweka mbele yako mambo matatu uchague.

La kwanza, mwachilie Wachuka kama alivyoomba, tumalizane kwa amani.

La pili, kama huwezi kumwachilia, mlipe sawa na Theuri. Sisemi sawa na rubani wa abiria, hapo nisingekuwa na adabu. Nasema sawa na Theuri, pamoja na yale mayai.

La tatu, kama serikali haina pesa ya kumlipa sawa na Theuri, basi mruhusu afanye kazi na Theuri. Tumeshalizungumza. Ng'ombe akiingia joto hangoji mtu. Ukimpata kesho umechelewa, na Theuri na pikipiki yake hawezi kuwa Kiganjo na hapa kwa asubuhi moja, tena matope ya Aprili unayajua. Lakini akibebwa na helikopta anaweza kuwafikia ng'ombe wa kaunti nzima kabla ya chai ya saa nne. Mtungi wake wa mbegu si mzito kuliko askari wawili. Tungegawana nusu kwa nusu, na jeshi nalo lingepewa fungu la mafuta. Theuri yuko tayari kuvaa kofia ngumu na kupokea amri, mradi asikatwe nywele. Uwanja wa kutua upo: nitavuna viazi mapema.

Afande, nimeandika haya bila hasira, ila pale nilipokasirika. Ninajua wewe pia ni mzazi wa mtu, au utakuwa. Nakuomba usome sababu hizi moja baada ya nyingine, na ukiona moja ina kasoro, uniandikie nikuletee daftari.

Uwasalimie maafisa wote, mafundi wa injini, wapishi, na hasa yule askari wa langoni aliyenizuia kuingia na gunia la viazi la zawadi siku ya familia. Mwambie sikumchukia, alikuwa kazini, lakini viazi vilikuwa vizuri. Kabura anakusalimu wewe na mama watoto. Theuri naye anakusalimu, na anauliza kama huko kambini kuna mtu anafuga.

Wako katika kungoja sahihi yako,

Simeon Kihara
Baba ya Kapteni

Imesomwa na kukubaliwa neno kwa neno na Kabura, mama ya Kapteni.

TANBIHI: Kabura amechukua ndoo ameenda kukama. Huwa anaanza na yule mweusi anayepiga teke, kwa hivyo niko na kama robo saa.

Afande, usitie sahihi.

Hayo yote juu ni kweli na hesabu iko sawa. Lakini hiyo kampuni iko Ghuba, huko Uarabuni, na wanaoenda huko tunawajua: wanarudi mara moja kwa mwaka na masanduku makubwa, wanalala siku tatu, wanaondoka. Ndege zao hupita juu sana, huoni mtu, unaona mstari mweupe tu na huo mstari wenyewe unafutika. Za kwenu hupita chini. Nikiwa shambani nikisikia moja inakuja kutoka upande wa Nanyuki, naweka jembe chini, natoka kwa mistari ya viazi niwe mahali peupe, navua kofia napunga. Sijui ipi ni ya Mama. Kuuliza nimekatazwa. Basi huwa nazipungia zote, miaka sita sasa, hata siku za mvua. Kama wewe mwenyewe umewahi kupita hapa, ujue nimekupungia pia.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani akaniuliza mimi nasemaje kuhusu hiyo kazi. Nilimwambia ni nzuri sana, aende. Ningemwambia nini? Yeye ndiye Mama. Wewe ndiye unaweza kumwambia abaki, maana umepewa cheo cha kumwambia.

Ukiona roho inakusuta kukataa, basi chelewesha tu hadi tarehe thelathini na moja. Serikali haijawahi kukosa njia ya kuchelewesha karatasi. Ila ukikataa, kataa kwa maneno makali sana, na ukipenda unitusi mimi kidogo kwa jina. Barua hiyo nitaisoma kwa sauti mbele ya Kabura na Mama, na nataka wanione nimekasirika.