Lalamiko Kuhusu Mwalimu Anayesema Sijui Kukanyaga

Ndugu Meneja wa Ukumbi wa Mazoezi,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, na hilo ndilo lililonileta kwako. Ni fundi cherehani. Nimekanyaga mashine ya miguu miaka thelathini na minane, na mtaa mzima unaniita Mzee Pindo. Miezi miwili iliyopita daktari alisema goti linauma kwa sababu nakanyaga vibaya, akanituma kwenye darasa lako la baiskeli zisizotoka ndani, pamoja na fomu. Mwalimu wako akiisaini kwamba najua kukanyaga, narudi kwenye mashine yangu. Hadi hapo, mwanangu mkubwa ameuvua mkanda wa cherehani akaenda nao kwake, na ananitishia mota. Mota, Ndugu Meneja! Nishone suruali ya mtu huku miguu imekaa tu kama wageni!

Mwalimu mwenyewe ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Kila Jumanne na Alhamisi namwuliza habari za fomu, na kila mara ananijibu bado kidogo, Mzee. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Tangazo lenu mlangoni linasema mtatufundisha kuendesha baiskeli. Kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Nimekaa kwenye baiskeli namba saba wiki nane, na bado naangalia ukuta uleule. Mngeandika kuzungusha, nisingekuwa na neno.

2. Mwalimu hataki tukanyage. Anataka tuchore duara kwa mguu, na mguu ukifika chini tuuvute nyuma kana kwamba tunafuta tope kwenye soli. Nimeikagua sakafu yenu. Haina tope. Mama wa usafi anapiga deki mara mbili kabla hatujaingia, naye anasikia tope, tope, kila kipindi. Nani amewahi kumwuliza anajisikiaje?

3. Kwenye cherehani unabembeza wayo: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Nilipofanya hivyo kwenye baiskeli, mwalimu alizima muziki, akapiga magoti mbele ya darasa zima, akanishika kifundo cha mguu na kukizungusha kwa mkono wake. Goti lisitoke nje, Mzee. Mabega chini, Mzee. Watu kumi na tisa waligeuka, akiwemo kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye suti yake ya harusi niliishona kwa mguu huohuo. Niliona aibu, sifichi.

4. Akituambia tuinuke kwenye viti, sisi wa safu ya nyuma tunaona mambo. Suruali kumi na moja za kubana zimefumuka pale pasipotajika. Mtu mwenye macho ya fundi hawezi kukaa kimya. Nilimnong'oneza mwalimu kuhusu yake, na jana akaniletea niishone. Naishona kwa mkono, unajua kwa nini.

5. Ugonjwa huu sasa umenifuata nje. Juzi nilikuwa nimekaa msibani, kimya, kwa adabu zote. Mguu wa kulia ukaanza kuchora duara wenyewe. Ukafuta tope. Shemeji wa marehemu akaniinamia kuniuliza kama nina haraka ya kwenda mahali.

6. Kwa hiyo naomba mwalimu apimwe. Aje kwangu, akanyage mshono ulionyooka wa mita moja bila kukata uzi. Akishindwa, akae safu ya nyuma, nami nipewe kipaza sauti chake na filimbi yake. Nikishika darasa, jambo la kwanza nitaziondoa baiskeli zote ishirini niweke cherehani. Fikiria, Ndugu Meneja: miguu arobaini inatoka jasho saa nzima na hakuna hata kitambaa cha meza kinachopatikana! Kwa nguvu hizo tungewavalisha wanafunzi wa shule mbili kabla ya likizo. Anayetaka mlima, kama mwalimu anavyouita ugumu wa pedali, nitampa kitambaa kizito.

Nawasalimu wote: dada wa mapokezi, mama wa usafi, yule bwana anayekaza viti, na safu ya nyuma nzima. Mwalimu msimpe salamu zangu.

Ni mimi, ninayejua kukanyaga,

Mzee Pindo,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimeigeuza suruali ya mwalimu nimalizie mshono, nikakuta karatasi kwenye mfuko wa nyuma. Ni fomu yangu. Imesainiwa mwezi mzima uliopita. Chini amemwandikia daktari: "Anakanyaga vizuri kuliko darasa zima. Namchelewesha makusudi. Akiipata leo atakaa kwenye mashine kutwa, na hatarudi tena huku." Nimeisoma mara tatu. Ni kweli, nisingerudi. Tena ngazi za nyumbani siku hizi nazipanda bila kushika ukuta, jambo ambalo sikutaka kuliandika humu. Fomu nimeirudisha palepale, na mfuko nimeushona ili isidondoke kabla ya siku yake. Namba sita ifutwe. Namba nne ibaki, maana zile kumi bado zimefumuka. Alhamisi mtu asikae kwenye baiskeli namba saba.